Jina Dogo Chini ya Kadi ya Samurai

Kwenye kibaraza cha duka moja la stationari pale Chikongola, vijana watano hukutana jioni kucheza karata zisizo na kopa wala shupaza. Kadi zao zina watu wenye panga kiunoni na nembo za koo mgongoni. Wamezichapa wenyewe kwa printa ya duka, wakazikata kwa mkasi na kuzivisha vifuko vya plastiki ili jasho la Mtwara lisizile. Juzi walinionesha fungu jipya. Picha zote zilitengenezwa na programu ya akili unde, zinang'aa kama kalenda ya benki, na kule chini, kwenye ukingo ambako kadi zinazotolewa na kampuni ya mchezo huandikwa jina la mchoraji kwa herufi za kuumiza macho, palikuwa patupu. Nikauliza nani kachora. "Anko, hajachora mtu," akajibu mwenye fungu, kwa fahari kidogo.

Tangu programu za aina hiyo zisambae mwaka 2022, ubishi juu yake umekuwa wa kambi mbili. Moja inasema picha za mashine ni mbovu, hebu hesabu vidole. Nyingine inasema ni nzuri na zinapatikana kwa bei ya bando, kwa hiyo mchoraji atafute kazi nyingine. Naona kambi zote mbili zimekamata mkia zikadhani ni ng'ombe. Vidole vitarekebishwa, na vingi vimesharekebishwa. Ajira ya mchoraji wa ng'ambo nayo, ingawa ni jambo zito kwake na kwa wanawe, haielezi kwa nini kadi ile ya Chikongola ilinipungukia kitu mkononi. Hoja yangu ni kwamba lile jina dogo ni dhamana. Linatuambia kuna mtu aliyeamua kila kilichomo kwenye picha, na kwamba mtu huyo anaweza kuulizwa. Mchezo wa namna hii umesimama juu ya dhamana hiyo kuliko unavyosimama juu ya uzuri, na sisi watu wa kusini tuna sababu zetu wenyewe za kulielewa hilo mapema kuliko wengine.

Mchezo ninaouzungumzia ni Legend of the Five Rings, uliotoka Marekani mwaka 1995. Umejengwa juu ya dola ya kubuni iitwayo Rokugan, yenye koo kubwa zilizopewa majina ya wanyama: Kaa, Korongo, Joka, Simba, Feniksi, Nge na Farasi wa pembe moja. Kwa sehemu kubwa ya miaka 20 ya mwanzo ulikuwa mikononi mwa kampuni ya AEG. Mwaka 2015 ukauzwa kwa Fantasy Flight Games, ukatolewa upya mwaka 2017, na mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangaza kuusitisha. Tangu hapo wapenzi wake ndio wanaoulea. Tazama tarehe hizo vizuri: mchezo ulibaki yatima mwaka mmoja tu kabla ya mashine za kuchora kufika kwa kila mwenye simu. Mtoto wa kampuni kubwa ana msimamizi wa kumnunulia nguo. Yatima huvaa anachopewa.

Mambo mawili yaliutenga mchezo huu na ndugu zake. La kwanza ni namna ya kushinda. Katika kadi zile za zamani ungeweza kuvunja majimbo yote ya mpinzani ukashinda kwa vita, lakini ungeweza pia kufikisha heshima 40 bila kumwaga damu, na huo nao ulikuwa ushindi kamili. La pili ni kwamba matokeo ya mashindano yaliingizwa kwenye hadithi. Mashindano makubwa ya mwaka 1997 yaliamua jinsi vita vya kwanza vya koo vitakavyokwisha, na kadi zilizofuata zikachorwa kwa mujibu wa yale ambayo wachezaji walikuwa wameyatenda mezani. Unaona linavyombana mchoraji. Katika michezo mingine ya njozi huagizwa achore zimwi na radi. Hapa anaweza kuagizwa achore mtu anayemiminia mgeni chai kwa adabu iliyopita kiasi, mpaka adabu yenyewe iwe tusi, na mchezaji aione hiyo chai akajua kwamba mtu ameshachomwa kisu.

Mimi nina wachoraji ninaowahusudu. Matt Wilson wa miaka ya mwanzo, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Privateer Press, huchora watu wenye uzito. Ukitazama bega la shujaa wake unahisi kabisa kwamba deraya imemkalia. April Lee namtafuta kwa nyuso, Drew Baker kwa utulivu, yaani ule ujasiri wa kuacha sehemu ya picha ipumzike. Steve Argyle ni mtoto wa kompyuta: mwanga wake hupita kwenye hariri na nywele mpaka unatamani kugusa. Huyo huyo huwa namlaumu kwamba watu wake ni warembo mno, hata waliotoka vitani jana. Vijana wa Chikongola wananibishia hilo vikali, na pengine wana haki, maana umri wangu nao una macho yake. Ila lawama yangu ina pa kwenda. Naweza kusema Argyle amezidisha, mwingine akaniambia kazidisha makusudi kwa sababu ukoo ule unaishi kwa kujipamba, tukatafuta kadi zake nyingine na kulinganisha. Picha ya mashine ikizidisha urembo, unamlaumu nani? Unabonyeza tena.

Ukoo wa Nge, kwa mfano, huvaa barakoa. Ni wajasusi na wasema uongo wa dola, na barakoa zao zinakutangazia hivyo waziwazi, kwamba unayezungumza naye amejificha. Mchoraji aliyeshika wazo hilo hachori barakoa ya kutisha tu. Hutafuta ni sehemu gani ya uso iachwe wazi ili kile kilichofichwa kiulizwe. Mtu aliyekulia Newala au Nanyamba hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa ameona midimu ya barakoa inavyotoka jandoni na unyagoni, na anajua kwamba barakoa iliyochongwa na fundi haikusudii kuficha mtu tu. Inamgeuza aliyeivaa kuwa kitu kingine mbele ya wanaojua na wasiojua. Fundi wa barakoa hizo angekosea alama moja shavuni, wazee wangemrudishia kazi yake.

Kurudishiwa kazi ndiko hasa ninakokuzungumzia. Kadi ya kampuni huanza na agizo la maandishi: ni nani, wa ukoo gani, yuko wapi, anahisi nini. Mchoraji hutuma rasimu, msimamizi wa picha huirudisha na masahihisho, na baada ya hapo ndipo rangi hupakwa. Masahihisho hayo huwa madogo na ya maana kubwa. Kimono hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Ukigeuza, umemvika mtu vazi la maiti. Upanga aina ya katana huchomekwa kwenye mshipi makali yakitazama juu. Mchoraji akiteleza, wachezaji humwandama miaka na miaka, naye hujirekebisha au hujitetea. Programu nayo hupatia mara nyingi na kukosea mara nyingine, bila kujua lini imefanya lipi, na kijana aliyeomba picha huipokea vyovyote ilivyokuja kwa sababu naye hajui.

Huko Japani kwenyewe, picha za mashujaa zilizowalea wachoraji wote wa samurai zilikuwa na utaratibu mkali wa kujibu. Utagawa Kuniyoshi, aliyevuma tangu mwaka 1827 kwa picha za mashujaa wenye tatuu mwili mzima, hakufanya kazi peke yake. Kulikuwa na mchapishaji aliyetoa mtaji, mchoraji, mchongaji wa mbao za kuchapia na mpigaji chapa. Karatasi ilipofika sokoni ilikuwa na sahihi ya mchoraji, alama ya mchapishaji na muhuri wa mkaguzi wa serikali. Mwaka 1843 Kuniyoshi alitoa picha ya bwana mgonjwa aliyezingirwa na mazimwi, watu wakaisoma kuwa ni dhihaka kwa watawala waliokuwa wamepiga marufuku starehe zao, na mchapishaji akalazimika kuiondoa sokoni. Simsifu mkaguzi. Ninachosema ni kwamba kejeli ile ilikuwa na makali kwa sababu mtu aliweka jina lake mahali ambapo lingeweza kumponza. Mashine haiponzwi na kitu.

Sitaki nionekane naishi Edo, Tokyo ya zama zile. Niruhusuni niseme niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka jana jamaa mmoja alinitumia picha ya "bibi wa Kimakonde" iliyotengenezwa na programu, akitaka tuitumie kwenye bango la sherehe. Ilikuwa nzuri ajabu: mikunjo ya ngozi, khanga, jua la saa kumi na moja. Ndonya, ile sahani ya mdomoni, ilikuwa kwenye mdomo wa chini. Bibi zetu walitoga mdomo wa juu. Sahani ya mdomo wa chini ni ya watu wa kusini mwa Ethiopia, ambao hatuna ugomvi nao, ila si sisi. Na chale za usoni zilikuwa mistari ya hovyo, kana kwamba paka kapita. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hili neno nembo, tunalolitumia leo kwa alama za makampuni na za koo za samurai, ndilo lile lile la chale walizochanjwa wazee wetu usoni ili wajulikane walikotoka. Mjapani akiona kimono cha mtu aliye hai kimefungwa kama cha maiti husikia kile nilichokisikia mimi siku ile.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na moja ni nzito. Vijana hawa hawana fedha za kununua boksi za kadi kutoka nje, na hata wangekuwa nazo, mchezo wenyewe hautolewi tena na kampuni. Programu imewapa njia ya kushiriki, kubuni ukoo wao, kuwapa mashujaa sura wanazozitaka. Yeyote anayewacheka akiwa na mshahara na kadi ya benki anastahili kunyamaza. Naikubali hoja hii karibu yote. Lakini kuna kichekesho ndani yake. Kabla ya programu, vijana hao hao walikuwa wakichapa nakala za kadi za kampuni, jambo ambalo sheria ya hakimiliki hailichekei. Kadi hizo za magendo zilikuwa na majina ya wachoraji pale chini, na kwa majina hayo kijana mmoja alijifunza kutofautisha mikono, akaanza kuchora kwa kalamu ya risasi akimwiga huyu na yule. Kadi mpya hazina kesi ya namna ile, na hazimfundishi kitu, kwa kuwa hakuna mkono wa kuufuata. Umaskini wa fedha umetatuliwa kwa kuleta umaskini wa aina nyingine, na huu wa pili hauonekani mfukoni.

Hoja ya pili husema wasanii nao huiga. Ni kweli. Mashujaa wale wa mwaka 1827 walitoka kwenye hadithi ya Kichina, wakavishwa Ujapani. Na Wamarekani waliochora Rokugan walichanganya Japani na nchi jirani zake mpaka wenyeji wakakunja uso. Kuiga hakujawahi kuwa dhambi ya sanaa. Tofauti ni kwamba mwigaji mwenye jina hushitakiwa, husifiwa, au huombwa aeleze. Januari 2023 wachoraji watatu nchini Marekani, akiwamo Karla Ortiz anayechora pia kadi za michezo, walifungua kesi dhidi ya kampuni za programu hizo wakidai kazi zao zilitumika kuzifundisha bila ridhaa, na Agosti 2024 jaji akaruhusu madai ya hakimiliki yaendelee. Na Januari 2024 kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki Magic: The Gathering, mmoja wa michezo mikubwa kabisa ya kadi za njozi, ilikana kwamba picha yake ya matangazo ilikuwa na vipande vya akili unde, kisha ikakiri kwamba vilikuwamo. Kampuni iliyoishi kwa wachoraji miaka 30 ilikuwa haijui ndani ya picha yake kuna nini. Ukiwa na jina la mtu, unampigia simu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba mchezaji hatazami picha, anatazama namba. Nimeisikia kwa watu wazima wenye akili zao. Kaa mezani nusu saa uone: kadi ya mpinzani iko ng'ambo, imekupa kichwa chini, maandishi huyasomi, na bado unajua ni nani aliyeingia uwanjani kwa rangi ya vazi na mkao wa bega. Na ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, tazama hanafuda, karata za maua za Kijapani. Ni kadi 48, nne kwa kila mwezi wa mwaka: msonobari wa Januari, maua ya mcheri ya Machi, mwezi mpevu juu ya nyasi za Agosti. Hazina namba hata moja. Serikali ya wakati ule ilikuwa ikifukuzana na kamari, karata zenye namba zikipigwa marufuku moja baada ya nyingine, watu wakahamia kwenye picha, na picha peke yake ikatosha kubeba kanuni zote za mchezo. Mwaka 1889 kampuni ndogo ya Kyoto ilianza maisha kwa kutengeneza karata hizo. Iliitwa Nintendo, na hadi leo ipo.

Wengine huona si aibu kusema kwamba haya ya samurai hayatuhusu. Watu wa kusini iliyo na Kilwa ndani yake wanasema hivyo! Wareno waliopora Kilwa mwaka 1505 ndio hao hao waliofika Tanegashima, kisiwa cha Japani, mwaka 1543, na kwenye safari zao walibeba karata. Wajapani wakaziita karuta, sisi tukaziita karata. Wao wakasema kotsu, sisi kopa, kikombe. Wao oru, sisi uru, dhahabu. Wao pao, na sisi pao, ambayo siku hizi wengi huiita maua, ingawa asili yake ni rungu. Wao isu, sisi shupaza, na shupaza si koleo kama umbo lake linavyodanganya; ni upanga. Mzee anayepiga shupaza mezani pale Mikindani anapiga upanga bila kujua. Samurai na sisi tulifundishwa kucheza na mwalimu mmoja mbaya.

Kwa hiyo swali la jina lina uzito hapa nyumbani, na madhara yake tunayo sebuleni tayari. Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zina kinyago cha ujamaa, watu wamepandana wakishikana kwenye kipande kimoja cha mpingo, na hakuna anayeweza kukuambia kimechongwa na nani. Cha marehemu baba kilinunuliwa Masasi. Nimekipindua chini juu, hakuna hata herufi. Mtindo wa shetani unahusishwa na Samaki Likankoa, na ule wa ujamaa na Yakobo Sangwani, na baada ya majina hayo mawili kuna msitu wa mafundi ambao soko liliwaita "Wamakonde" kwa jumla. Jina likikosekana, bei hupangwa kwa kilo na sentimita, na mlango unafunguka kwa yule anayepaka mti mwepesi rangi ya viatu na kuuza kama mpingo, kwa sababu hakuna wa kumrudishia. George Lilanga, mtoto wa kusini aliyefariki mwaka 2005, alitoka kwenye jumla hiyo kwa sababu jina lake lilikaa kwenye kazi yake na kusafiri nayo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa msanii haki ya kutajwa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ipo kwa ajili hiyo, ila sheria haiwezi kulitaja jina ambalo mwenyewe hakuliandika na mnunuzi hakuliulizia.

Akili unde imekuta soko ambalo lilishazoea kazi isiyo na mwenyewe, na ndiyo maana huku kwetu itapita kimya kuliko kwingine. Huko Marekani wachoraji wa kadi wanapiga kelele kwa sababu walikuwa na mstari wa jina wa kupoteza. Fundi wa Newala hana. Anayedhani mjadala huu ni wa Wazungu na michezo yao ajiulize picha za matangazo ya utalii wa kusini zitakuwa zinatoka wapi miaka mitano ijayo, na ndonya itakuwa kwenye mdomo upi.

Niliwapa vijana wa Chikongola pendekezo, na wamelipokea nusu nusu. Mashujaa wa Rokugan waendelee kuwachapa watakavyo. Ila watengeneze pia hanafuda yao, kadi 48 za miezi ya huku: ufuta wa Lindi ukikatwa, mbaazi, upepo wa kusi, Oktoba mikorosho ikiwa na mabibo mekundu na manjano chini. Yule anayechora kwa kalamu ya risasi amekubali kuanza na Oktoba. Alichokwama nacho hadi jana jioni ni kwamba mabibo yamejaza kadi yote, na hajui jina lake aliweke wapi.